Maneno ya Mama Yako mu Kinywa ya Valdina

Kamina, mangaribi ya mwisho mbele ya safari yako

Ngoie mutoto yangu,

Nimekamata bic nikuandikie juu mudomo yangu imekataa kazi. Weye unaijua hii mudomo. Ilisemesha ba colonel ya Base ya jeshi mpaka bakanivulia kofia, ilinyamazisha imbwa ya gare ya train, na siku moja ku muto Lualaba ilizungumuza na mamba mpaka mamba ikasahau njaa yake ikarudia mu maji. Lakini tangu siku ya Mungu, kila mara nakuona unakunja manguo juu ya kitanda, inakauka sawa pompe ya maji yenye kuharibika.

Mambo ya safari sitaandika. Tantine Mado, bibi yangu, alikwambia yote: nani utafikia kwake ku Likasi, namna ya kulala mu train bila kuachilia kifuko yako, na ukule nini kama train itakwama mu pori namna imezobelea. Kwetu, kaka ya mama ni mama mwanaume, na mama mwanaume iko na kazi yake: pale mutoto anauliza juu ya mama yake, yeye njo anajibu. Uliniuliza. Nikakujibu bubaya. Sasa soma jibu.

Siku ya Mungu tulikuwa tunatoka tu ku kanisa, Mama Bijou akaingia mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu, na karanga ya njia, amefunga mu kitambaa. Mama Bijou unamujua tangu utoto, yeye mwenye kuuzisha mikate pa kona, bibi ya soda, mutu wa jeshi, Swahili yake ingali inanuka Lingala. Kila asubui ya masomo alikupa mukate na hakukubali tulipe. Haukuuliza sababu. Mutoto haulizi sababu ya mukate.

Alikaa, akakuangalia murefu.

"Ngoie, unaenda kusomea infirmière, kazi ya kulinda bagonjwa, sawa mama yako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ujue mbele ya kupanda train. Hii avenue yote, mutaa muzima, inasema kama mama yako aliua mutoto yangu. Ni bongo, uongo mutupu. Minyi mwenyewe njo nilichomoa sérum, ile maji ya dawa, mu mukono ya mutoto. Hii mikono. Hii mikono na ile filme ya mujomba yako."

Akaweka karanga chini, akatoka. Hakuningojea niseme neno. Weye ukageuka, ukaniuliza polepole:

"Mujomba, ni kweli weye njo ulimupa Valdina maneno ya mama?"

Na minyi nikacheka. Nikasema: "Valdina wa filme! Unajua kama aliniandikia yeye mwenyewe kutoka Ulaya, analomba nimuoe? Tantine yako akachoma ile barua ku mbabula ya makala." Tantine hakucheka. Weye ukasema: "Wafwako, mujomba," ile aksanti ya luga yetu, ukaamuka, ukaanza kukunja manguo. Tangu pale nikikuita unanijibu "Eyo vidye", ile jibu ya heshima, namna mutu anajibu chef ya kijiji. Heshima yote iko pale, lakini ndani ya ile heshima weye hauko.

Basi jibu ni ndiyo. Minyi njo nilimupa.

Ulikuwa mudogo sana. Ile wakati filme haikukuwa bado mu telefone. Mu avenue yetu televizio ilikuwa moja, yangu, na groupe yangu, mashini ya umeme, ilikuwa inalia sawa train inapanda mulima. Bantu balikuya na viti yao, na mikeka, na batoto mu mugongo. Disque ya filme ilitoka Lubumbashi, na feuilleton, ile filme ya kuendelea kila siku, yenye bantu balipenda kupita zote ilikuwa mu luga moja, hata leo sijue ni luga gani. Baliniuliza: "Banza, unasikia hii luga?" Nikasema: "Nilikulia mu nyumba ya Mureno ku Dilolo, hii luga naiota na ndoto." Minyi, mwenye masomo ilinifukuza mbele sijamaliza primaire! Balikubali. Kila mangaribi nikakuwa nasimama pembeni ya kioo ya televizio na kijiti mu mukono, na kila mutu akifungua kinywa mule ndani, minyi njo namupa maneno ya kusema. Baliniita Banza Micro, juu minyi njo nilikuwa kipaza-sauti yao. Unajua raha ya mutu asiyesoma pale bantu hamusini banangojea kinywa yake? Haujui. Omba usiijue.

Lopitalo ya ile feuilleton ilikuwa nyeupe sawa yai. Hamuna nzi. Hamuna mutu anatapika. Hamuna ndugu ya mugonjwa analala chini ya kitanda pamoja na sufuria yake. Docteur njo alikuwa anafanya yote, anapima, anapasua, analia, anaoa. Ba infirmière balisimama nyuma yake na sinia, kimya, sawa ukuta. Moja tu alikuwa na ruhusa ya kuongea: Valdina, midomo nyekundu, viatu ya kisigino murefu. Na balimupa ruhusa juu ya kuiba bwana ya wenzake na kuua wazee. Na hata mu tiatre ya kwetu ya kuchekesha, infirmière ni yule wa kutafuna chingom, perruque, ile nywele ya kuvaa, imepinda, anamufokea mama mwenye uchungu ya kuzaa. Tulikuwa tunacheka mpaka viti inavunjika. Ule mwenye kubaki na mugonjwa pale docteur amerudia kwake, sikumuona ndani ya kioo hata mara moja. Yeye alikuwa nyuma yetu, pa baraza, miguu ndani ya beseni ya maji ya moto, na weye umelala pa magoti yake.

Ndiyo, mama yako. Numbi, mudogo yangu.

Alikuwa anatoka ku centre de santé, kalopitalo ka mutaa, na miguu imevimba, mara ingine hata viatu inakatala kutoka. Lakini alipenda kuangalia na sisi, na yeye njo alikuwa anachekesha kupita minyi. "Yaya," namna mudogo anaita kaka yake, anapiga kelele kutoka nyuma, "ambia ule docteur yako sérum imefungwa, haishuke hata tone!" Ao: "Eh, Valdina, unapiga shindano ya dawa juu ya pijama? Nani alikupa diplome?" Bantu banacheka, minyi nakasirika kidogo juu ananikamatia watu yangu.

Sasa sikia maneno yenyewe. Mama yako, kila mara anataka kupiga mutu shindano, alikuwa anamukamata mukono na kusema na sauti ya chini: "Funga macho, mama. Nitajie majina ya batoto yako, moja moja, polepole." Kama ni mutoto: "Nitajie majina ya barafiki yako." Mutu anaanza kutaja, na pale anafika ku jina ya mwisho, anasikia pamba imewekwa pa mukono, shindano imekwisha kutoka zamani. Mu avenue yetu hakuna mutu hakumutajia majina. Hata minyi, pale imbwa iliniuma — ilikuwa imbwa, si chui, chui niliongeza — nilimutajia ba équipe ya mupira.

Na mangaribi moja, mu feuilleton, kuko muzee tajiri juu ya kitanda. Valdina anaingia na shindano. Tunajua ndani ni sumu. Anainama pa sikio ya muzee, anaanza kumusemesha. Midomo inaenda, inaenda, haimalizike. Na minyi sina neno. Kwa mara ya kwanza sina hata moja. Bantu bananiangalia. Nikageuza macho, nikaona Numbi na miguu yake mu maji. Na maneno ikatoka:

"Funga macho, baba. Nitajie majina ya batoto yako, moja moja, polepole."

Weh! Lupango ililipuka. Balicheka mpaka jirani ya avenue ya pili bakakuya kuangalia nani amekufa. Numbi mwenyewe alicheka, alimwaga maji ya beseni. Ndani ya kioo, muzee akafumba macho, akakata roho.

Kitu yenye kuchekesha bantu, mutu ya sawa minyi anairudilia. Kila mara shindano ikionekana, nilikuwa nanyoosha kijiti, na lupango muzima inaimba na minyi: "Majina ya batoto yako!" Batoto balitunga muchezo mu njia: moja anasema maneno, mwingine anaanguka amekufa. Kisha wakati fulani Numbi akaacha kucheka. Akaniita pembeni, karibu na groupe.

"Yaya, tosha ile maneno mu kinywa ya Valdina. Ni ya kazi yangu."

"Numbi, ni filme tu! Minyi nakutosha jina. Unakuwa vedette, bantu bote banakujua, na haulipi."

"Muntu anasikia ile maneno pale anaogopa. Unasikia, yaya? Ni pale tu nayo iko na kazi."

"Basi batakuwa banacheka badala ya kuogopa. Unipe merci."

Aliniangalia, akarudia kukamata weye pa mukeka, akakubeba kulala. Hakuangalia tena Valdina. Na minyi nikaendelea. Sikukuwa na chuki, Ngoie, utafute hata mu kona ya roho yangu, hautapata chuki. Nilikuwa na bantu hamusini tu.

Sasa Mama Bijou. Alikuwa amefika karibuni, bwana yake balimutuma ku Base kutoka mbali huko mukoa ya Équateur. Hakuwa na mutu hapa, basi kila mangaribi alikuwa kwangu, pa muguu ya kioo, na mutoto yake Dieume mu mugongo. Angalia vizuri hii fasi, juu kosa yote iko hapa. Bantu ya avenue balikuwa banajua maneno kwa mama yako kwanza, kisha kwa Valdina. Njo maana balicheka. Mama Bijou aliyajua kwa Valdina peke yake. Hakuwa bado amefika ku centre de santé hata siku moja.

Dieume akashikwa na malaria, ile ya kutetemesha mutoto muzima mpaka macho inageuka. Mama Bijou akamukimbiza. Mama yako akamupokea, akatafuta mushipa mu kamukono kadogo vile, akaupata, akaweka sérum na dawa. Kisha akaona mama mwenyewe anatetemeka kupita mutoto. Akamukamata mukono. Akamwambia na ile sauti ya chini:

"Funga macho, mama. Nitajie majina ya batoto yako."

Mama Bijou akapiga kelele: "Valdina!" Akachomoa sérum, akakamata mutoto yake, akatoka mbio. Na mama yako nyuma yake, sérum juu mu mukono, tuyo yake ya mupira inacheza mu upepo, kiatu moja imebaki mu njia. Balipita mu avenue yote vile. Bantu bakatoka mu lupango. Balifikiri ni mambo ya kuchekesha.

Minyi nilikuwa nimesimama pa mulango yangu. Na mudomo yangu, hii mudomo, ikasema: "Eh, Valdina! Muache mugonjwa aende kufia kwake!"

Bakacheka. Mama yako hakusimama. Aligeuza tu uso mara moja, akaniangalia, akaendelea kukimbia.

Mama Bijou alijifungia mu nyumba. Numbi alibaki pa mulango yake, anagonga, analomba, anamwambia bado wakati iko, bado dawa iko. Maneno yenye angesema juu ya kutuliza mutu mwenye woga, alikuwa nayo moja tu, na ile moja nilikuwa nimemuchukulia. Dieume hakuona asubui.

Hakuna mutu alimutukana mama yako, hapana, bantu ya avenue yetu bako na adabu. Balibadilisha tu njia. Balikuwa banavuka reli na wagonjwa yao banaenda ku centre ingine, mbali, mu jua. Wenye kubaki, balikuwa banakaza macho ku mikono yake. Basi akaanza desturi mupya: ampoule, kachupa ka dawa, anaiweka kwanza mu mukono ya ndugu ya mugonjwa, anaisoma jina, anaivunja mbele yao. Maji ya chumvi na sukari, ile ya kunwesha mutu mwenye kuhara, anaonja yeye kwanza, kisha anapatia mugonjwa. Na maneno akayaacha. Alikuwa anapiga shindano kimya. Niliona na macho yangu, siku nilimupeleka Tantine: Numbi yetu amesimama na sinia, mudomo imefungwa, sawa wale ya nyuma ya docteur. Televizio ilikuwa imemugeuza vile inataka.

Nilijaribu kutengeneza. Mangaribi moja nilizima groupe katikati ya filme, nikasimama, nikasema: "Bandugu, ile luga siisikie. Sijaisikia hata neno moja. Maneno ya Valdina ni ya dada yangu, anayasema juu ya kuponyesha bantu." Nilisema na machozi. Unajua bakafanya nini? Bakapiga mikono. "Micro! Leo unapita zote!" Balifikiri ni hadisi ingine. Mutu mwenye kusemesha mamba, nani atamuamini siku anasema kweli? Disque niliivunja, nikaitupa mu choo, na televizio nikaiuzisha. Lakini maneno ilikuwa imekwisha kutoka mu disque. Batoto balikuwa bangali banaanguka mu njia.

Kisha kolera ikaingia ku makambi ya bavuvi, upande wa Mulongo. Baliuliza nani anaweza kwenda. Mama yako akaitika wa kwanza, na watu balishangaa, minyi sikushangaa. Alikuacha pa mikono ya Tantine. Alinishika bega.

"Yaya, ulinde mutoto. Na umwambie mambo ya kweli."

"Minyi? Kila siku!"

Njo maneno yetu ya mwisho. Unaona mutu alijibiwa nini.

Ile hadisi nakuambiaka tangu utoto, kama nilivuka ziwa juu ya mulango ya nyumba, viboko inanisukuma na pua juu ya kufika ku maziko ya mama yako: viboko hamukuwa. Nilienda, ndiyo, lakini nilifika maziko imekwisha. Mutu ya kolera, juu ya kumuzika habangoje ndugu yake. Nilivuka na pirogue, mutumbwi ya kawaida, nimekaa katikati ya mifuko ya mihogo, na muzee muvuvi alikuwa anasukuma na mti mu matete. Alinionyesha kaburi pa fasi ya juu kidogo, yenye maji haifikie. Balikuwa bamezungusha vipande ya wavu ya zamani juu mbuzi isipande. Nililia na muzee akageuka kuangalia maji mpaka nikamaliza.

Kisha aliniambia vitu mbili. Ya kwanza: "Dada yako alikuwa anaonja kikombe mbele ya kila mugonjwa. Tulimwambia, mama, hapa acha. Alijibu amezobelea, amezoea vile." Kolera inapita mu maji, mu mikono, mu kikombe, hakuna munganga anaweza kuniambia ilimukuta wapi. Sijamuuliza hata moja. Ile desturi ya kuonja ilizaliwa hapa, mu avenue yetu, juu ya kijiti yangu. Kwangu inatosha.

Ya pili njo nilikuficha myaka yote, na ni hii ilikuwa yako. Sikuweza kukupa juu ilikuwa imefungana na ingine. Muzee aliniuliza: "Na ile maneno yake, alitoa wapi? Pale mutu anaogopa shindano, alikuwa anamwambia afunge macho ataje majina ya batoto yake. Hapa kambini bantu bengi bako bazima, na kila moja alitaja."

Nilikaa chini mu matope, Ngoie. Huko hakuna mutu alimujua Valdina. Huko hakuna televizio, hakuna Micro. Mama yako alirudilia kusema. Hakukufa kimya. Na mbele ya kupanda pirogue niliona munamuke moja anatosha ndoano ya samaki mu muguu ya mutoto. Mutoto alikuwa analia. Munamuke akamwambia: "Fumba macho, nitajie majina ya barafiki yako." Mutoto akataja. Ndoano ikatoka. Huyu munamuke hajui kama mu Kamina ile maneno inaua.

Sasa unaenda. Kuko ile feuilleton mupya yenye unaangalia mu telefone, infirmière na docteur banapendana mu ascenseur, kale kachumba ka kupandisha bantu juu; nakusikia unacheka chini ya blanketi. Siikatazi. Pasipo televizio hata minyi ningekuwa nani? Lakini mule ndani hautaona miguu ya infirmière, juu haimo. Hautaona mama mwenye kuogopa akuangalie mikono sawa weye ni muizi. Mu lopitalo ya kweli utamuona, na mbele ya kumukasirikia, fikiri kwanza nani alimuonyesha filme. Labda mu mutaa yake pia kuko mujomba na kijiti. Umuache aangalie. Mama Bijou alikuwa mama muzuri, alimukimbia mutu mwenye kuua, namna mama yeyote angefanya. Mikate yote ulikula, ilikuwa namna yake ya kugonga pa mulango yenye alifungia Numbi. Yeye, munamuke mwenye kukosa mutoto, alikuwa na nguvu ya kukuambia mbele yangu. Minyi nikakuambia juu ya barua ya Ulaya.

Maneno ya mama yako, kama utayasema ku Likasi ao utayaacha, sitakuamuru. Ni yako. Nakurudishia tu, nimeyapangusa namna naweza.

Neno ya mwisho. Mwaka yenye ilipita, pale banganga balinipasua hernia, ulikuwa inje pa dirisha na bukari, ugali yangu, imefunikwa na sahani. Infirmière moja mudogo, rika yako, akaingia na shindano. Unajua nasemaka kila fasi kama niko na batoto mu kila gare kutoka hapa mpaka Kalemie. Ule mutoto wa bantu hakusema neno, alikamata tu mukono yangu, na niliogopa, Ngoie, niliogopa sawa Mama Bijou. Basi nikajisemesha mwenyewe. Funga macho, Banza. Taja majina ya batoto yako, moja moja, polepole. Nikafunga. Jina ilikuwa moja tu, na pale ilikwisha, shindano ilikuwa ingali ndani. Nikairudilia. Ngoie. Ngoie. Ngoie, mpaka nikasikia pamba.

Mama yako mwanaume,
Banza